UZI: "Wananchi walishirikishwa." Hii sentensi ya midahalo ina maana gani mtaani kwako?

1/ Kila mdahalo wa kisiasa, iwe ni runinga, redio ama hapa mtandaoni, lazima mtu aseme: "Wananchi walishirikishwa." Upande wa pili unaruka papo hapo: "Hatukushirikishwa!" Kelele kidogo, mwendeshaji anaingilia, wanahamia mada nyingine. Leo tukae na hiyo sentensi.

Sheria za huu uzi mnazijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Ukileta jina la mtu wako hapo chini nitakupita tu.

2/ Kwa wenye haraka, hili hapa jibu: mara nyingi pande zote mbili zinasema ukweli. Mkutano ulifanyika kweli, watu wakasaini, picha zikapigwa. Na bado maoni yao hayakuhamisha hata shilingi moja, kwa sababu waliitwa wakati uamuzi ulikuwa umeshapita.

Kama uko na dakika kumi, endelea kusoma.

3/ Nianze na kisa changu. Nikiwa mwaka wa kwanza chuoni nilienda mkutano wa maoni ya bajeti kwa wadi yetu. Kaunti sitaji. Tangazo nililiona kwa gazeti la abiria mwenzangu kwa matatu, siku mbili kabla. Mkutano ulikuwa saa tatu asubuhi, siku ya kazi. Tulianza saa tano. Ukumbini kulikuwa na wazee, vijana wa bodaboda waliokuja na mheshimiwa, kina mama wa soko, na mimi na kalamu yangu.

4/ Tulipewa karatasi mbili za Kiingereza. Mama mmoja anayeuza omena akasimama. Akasema mtaro wa nyuma ya soko umeziba, mvua ikinyesha maji machafu yanaingia kwa vibanda na yanapita pale watoto wa chekechea wanapopitia. Akasema alishasema hayo mwaka uliopita, ukumbi huohuo.

Afisa akamjibu kwa upole: "Mama, hoja yako imeandikwa." Akaketi. Tukapewa soda na mkate, tukasaini, tukaenda zetu.

5/ Bajeti ilipopita, wadi yetu ilipata taa mbili za mulika mwizi. Mtaro, hakuna. Nilikuja hapa mtandaoni nikamwaga hasira zangu zote.

Baadaye nikamsimulia mwalimu wangu wa somo la ugatuzi. Hakuniuliza kuhusu mheshimiwa wala afisa. Aliniuliza tu, "Huo mkutano ulikuwa mwezi gani?" Nikamwambia Mei. Akacheka. "Basi mlikuwa mmechelewa miezi minane."

Hilo jibu ndilo lilinifanya nisome haya yote.

6/ Tuanze na sheria. Katiba ya 2010, Ibara ya 1, inasema mamlaka yote ni ya wananchi. Ibara ya 10 inaweka ushiriki wa wananchi kati ya maadili ya taifa. Ibara ya 196 inalitaka Bunge la Kaunti lifanye kazi yake kwa uwazi na liwashirikishe watu. Ibara ya 201 inataka uwazi na ushiriki kwa mambo ya pesa za umma. Kwa hivyo mtu akikwambia kushirikishwa ni ukarimu wa gavana ama wa MCA, mwambie asome tena. Ni deni.

7/ Lakini kwa nini nawasumbua na kaunti, na kelele zote ziko Nairobi bungeni?

Fungua Jedwali la Nne la Katiba uone kazi za kaunti: kuzoa na kutupa taka, maji na usafi, mitaro ya maji ya mvua mijini, barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, masoko, chekechea, zahanati. Hiyo ni maisha yako kuanzia ukitoka kwa mlango hadi ukirudi. Na kwenye orodha hiyohiyo, kaunti imepewa kazi ya kuhakikisha jamii zinashiriki kwa uongozi wa mashinani na kuzijengea uwezo wa kufanya hivyo.

8/ Kumbukeni mvua ya Machi hadi Mei 2024. Zaidi ya watu 200 walikufa nchini. Mitaa ya chini ya Nairobi iligeuka mto, watu wakapoteza nyumba na jamaa. Mvua ilikuwa kubwa, ni kweli. Lakini maji yanapita pale yalipoachiwa njia, na njia hiyo ni mtaro uliojengwa ama haukujengwa, ni taka zilizozolewa ama hazikuzolewa, ni kibali cha jengo kilichotolewa mahali hakikufaa. Hayo yote kuna mtu aliyaamua kwa karatasi.

9/ Wiki chache baadaye, Juni 2024, kizazi chetu kilifanya kitu wengi walidhani hakiwezekani. Tulisoma mswada wa fedha wa kitaifa. Watu wakautafsiri kwa Kiswahili na lugha za mama, wakaueleza kwa video za dakika moja. Tukaenda barabarani, na wengine wetu hawakurudi nyumbani.

Sasa swali langu, na najiuliza hata mimi: ni wangapi kati yetu walisoma bajeti ya kaunti yao mwaka huohuo?

10/ Haya, kalenda. Hii ndiyo sehemu ya kuhifadhi. Inatoka kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, lakini safari ya bajeti inaanza mapema kuliko vile watu hudhani.

11/ SEPTEMBA 1: Kufikia leo hii, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka (watu wa kaunti huuita ADP) unapaswa kuwa Bunge la Kaunti. Huu ni wa mwaka wa fedha UNAOFUATA. Ndani yake kuna miradi: soko fulani, barabara fulani, mtaro fulani. Mradi ambao hauko humu utapata shida sana kuingia kwa bajeti baadaye. Mama wa omena alipaswa kusikizwa hapa, mwezi wa Agosti, kabla mpango haujafungwa.

12/ FEBRUARI 28: Hati ya Mkakati wa Fedha inafika bungeni. Hapa kila idara inapangiwa kiwango chake cha juu: afya hii, barabara hii, maji hii. Ni hati kavu, haina majina ya mitaa, kwa hivyo hakuna anayeipigia kelele. Lakini idara ya maji ikipewa kidogo Februari, Mei utaambiwa "pesa hakuna", na itakuwa kweli.

13/ APRILI 30: Makadirio ya bajeti yanafika Bunge la Kaunti. Kamati ya bajeti inatembea kukusanya maoni. Mikutano mingi ambayo wewe huona, ile ya tenti na viti vya plastiki, ni ya wakati huu. Kufikia JUNI 30 bajeti inatakiwa kuwa imepitishwa.

Unaona shida? Tunaalikwa kwa wingi wakati kilichobaki kuamuliwa ni kidogo zaidi.

14/ Halafu kuna mswada wa fedha wa kaunti, ule unaopanga leseni za biashara, ada za soko na maegesho. Unapaswa kupitishwa ndani ya siku 90 baada ya bajeti kupita, yaani mara nyingi kufikia mwisho wa Septemba. Kama una kibanda, kinyozi ama duka, hii ndiyo karatasi yako. Usingoje kanjo aje kuvunja kufuli ndipo uulize ada ilipanda lini.

15/ Je, mtu akipuuza haya yote kuna adhabu? Wakati mwingine ndiyo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilitupa nje Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Mahakama ilisema tangazo la kutimiza sheria tu halitoshi. Bunge la Kaunti lifuate watu pale walipo: makanisani, misikitini, kwenye baraza, redio za lugha za mama.

Mwaka 2019 Mahakama ya Juu nayo ikaweka miongozo: ushirikishwaji uwe wa kweli, usiwe wa kujaza fomu.

16/ Lakini kuna pengo, na wanaopenda kushinda midahalo walijue. Oktoba 2024, kwenye kesi ya Sheria ya Fedha ya 2023, Mahakama ya Juu ilisema hakuna sheria inayolilazimisha Bunge waziwazi kutoa sababu za maandishi za kukubali ama kukataa maoni ya wananchi. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeenda upande mwingine miezi mitatu mapema.

Kwa lugha ya mtaani: lazima wakusikize, lakini hawalazimishwi kukuandikia kwa nini walikataa. Mimi naona hapo ndipo imani ya watu huvuja.

17/ Tuwe wa haki kidogo kwa upande wa serikali za kaunti. Hoja yao nimeisikia mara nyingi na haina ujinga. Kuandaa mikutano kwa kila wadi ni pesa. Watu wakija, kila mmoja anataka barabara ya mbele ya kwake. Wengine wanakuja wakiuliza kwanza nauli iko wapi. Na mambo kama bomba kuu la maji taka hayaamuliwi kwa kuinua mikono, yanahitaji wahandisi.

Ni kweli. Lakini mhandisi anajua bomba lipite vipi. Mama wa omena anajua maji yanasimama wapi. Unahitaji wote wawili mezani, na mapema.

18/ Mfano wa mjini: Mukuru, Nairobi. Agosti 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la mipango. Tunazungumzia karibu nyumba 100,000. Utawaita vipi wote kwa ukumbi mmoja? Hawakuitwa. Wakaazi walipangwa kwa makundi madogo ya nyumba kama kumi kumi, kila kundi likachagua mwakilishi, wawakilishi wakapanda ngazi hadi kwa meza ya mpango.

19/ Muungano wa Wanavijiji, ambao ni vuguvugu la wakaazi wenyewe wa mitaa ya mabanda, pamoja na mashirika na vyuo, walikuwa wamekusanya takwimu kabla. Wakaonyesha kwamba mkaazi wa Mukuru hulipa zaidi kwa kila lita ya maji kuliko mtu wa mtaa wa kifahari mwenye mfereji nyumbani. Ukiwa na takwimu kama hiyo mkononi, huji kuomba. Unakuja kudai hesabu.

Barabara, mabomba ya maji na maji taka yalianza kuonekana baadaye.

20/ Sitawadanganya kwamba mambo yaliisha vizuri kote. Mwishoni mwa 2021 maelfu ya watu walibomolewa nyumba Mukuru kwa Njenga kupisha barabara. Watu walewale waliokuwa wamekaa mikutano na kuchora ramani. Mpango mzuri wa wakaazi haumzuii mwenye nguvu kuleta tingatinga. Unachofanya ni kuacha ushahidi wa maandishi kwamba watu walikuwepo, walihesabiwa, na walikubaliana nini. Bila huo ushahidi hata kwa korti huna pa kuanzia.

21/ Mfano wa pili, Makueni. Hii si kaunti ya jiji lakini inatajwa sana, na kwa sababu nzuri. Mazungumzo huanza kijijini, yanapanda hadi vishada vya vijiji, wadi, kaunti ndogo, mpaka kaunti nzima. Lakini kilichonivutia zaidi ni mwisho wa mnyororo: kila mradi una kamati ya wakaazi, na kamati hiyo inatakiwa kukubali kazi kabla ya mwanakandarasi kulipwa.

Fikiria hiyo nguvu. Mwanakandarasi akijua sahihi ya shosho wa kijiji inasimama kati yake na hundi, simiti haitapunguzwa ovyo.

22/ Sasa kuna kitu cha sisi watu wa miji, na kinauma. Wengi wetu ni wapangaji. Unaishi mjini miaka saba lakini umejiandikisha kupiga kura ushago. Krismasi unabishana na jamaa zako kuhusu MCA wa kijijini, na hujui wa wadi unayolala. Kila mtu akifanya hivyo, mitaa ya wapangaji inakosa mwenyewe. Mheshimiwa anajua hamtampigia kura, landilodi anaishi kwingine, na mtaro unabaki wa Mungu.

23/ Habari njema ni hii: kutoa maoni hakuhitaji uwe umejiandikisha kura hapo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa haki ya kupeleka ombi kwa maandishi kuhusu jambo lolote la kaunti, na inawataka maafisa wajibu bila kukawia. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 nayo inatambua mabaraza ya wakaazi.

Halafu silaha yangu pendwa: Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Unaandika barua kwa Kiingereza AMA Kiswahili, na ofisi ina siku 21 kukujibu. Ikikunyamazia, unaenda kwa Tume ya Haki za Utawala, ile tunaiita Ombudsman.

24/ Turudi kwa wadi yetu. Agosti iliyofuata nilimtafuta yule mama sokoni. Mwanzo hakutaka. "Kijana, mimi nimeongea nimechoka. Wewe pia utachoka." Nikamwambia safari hii hatuongei, tunaandika.

Tukakaa watu wanne: yeye, mwenyekiti wa steji ya bodaboda, mwalimu wa chekechea na mimi. Ukurasa mmoja, Kiswahili. Tatizo ni nini. Mtaro unaanzia wapi na kuishia wapi, tuliupima kwa hatua. Nani anaumia. Tunataka nini. Picha mbili zenye tarehe. Sahihi 63.

25/ Tulipeleka nakala tatu: kwa msimamizi wa wadi, kwa karani wa Bunge la Kaunti, na ya tatu tukabaki nayo IKIWA NA MUHURI wa kupokelewa. Nasisitiza muhuri. Hoja iliyosemwa ukumbini inaweza "kuandikwa" na isionekane tena. Barua yenye muhuri haiwezi kukanwa.

Mtaro uliingia kwa mpango wa mwaka. Februari tukasoma ile hati kavu. Aprili ukapata mstari wake kwa makadirio, pesa pungufu kuliko tulivyotarajia, lakini mstari ulikuwepo.

26/ Mwanakandarasi alikuja. Akachimba, akajenga karibu nusu, akapotea. Wengi walisema ndio hivyo, tumezoea. Tukaandika barua nyingine, ya kuomba habari: mkataba ni wa urefu gani, na amelipwa kiasi gani mpaka sasa? Jibu lilikuja siku ya kumi na tisa. Urefu kwenye karatasi ulikuwa karibu mara mbili ya ule tuliokuwa tunauona kwa macho. Sasa hilo jibu tumeliambatisha kwa ombi letu Bunge la Kaunti, na tunangoja kuitwa kwa kamati.

27/ Kwa hivyo mtaro haujaisha. Mvua kubwa ikija leo, upande wa chini wa soko bado utalowa. Sijaandika huu uzi kama mtu aliyeshinda. Lakini tofauti naiona: zamani tulikuwa tunauliza "kwa nini hamtujali?", swali ambalo mtu anaweza kulijibu kwa tabasamu. Siku hizi tunauliza "mita zingine ziko wapi?" Hilo halijibiwi na tabasamu.

28/ Mdahalo ujao, mtu akisema "wananchi walishirikishwa", muulizeni haya matano:

a) Mkutano ulikuwa mwezi gani, na mpango wa mwaka ulifungwa lini?
b) Hati zilitolewa siku ngapi kabla, na kwa lugha gani?
c) Taja kitu kimoja kilichobadilika kwa sababu ya maoni.
d) Taja kimoja kilichokataliwa, na waliokipendekeza waliambiwa sababu gani.
e) Nani kutoka mtaani hukagua kazi kabla ya malipo?

Na akisema "hatukushirikishwa", muulizeni pia: ulipeleka maandishi? Muhuri uko wapi?

29/ Pa kuanzia wiki hii: jua jina la wadi unayolala. Jua ofisi ya msimamizi wa wadi iko wapi. Omba nakala ya Mpango wa Maendeleo wa Mwaka na utafute mtaa wako ndani. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti kuhusu matumizi ya kaunti hutolewa kila robo mwaka, na ziko wazi mtandaoni. Tafuta watu watatu. Si lazima wawe wanaharakati, hata majirani mnaogawana mfereji wanatosha.

30/ Juzi nilipita sokoni. Mama wa omena akaniambia aliitwa kwa jina lake ofisini, na afisa mpya akamtolea kiti. "Lakini mtaro bado," akasema, akinifungia za mia. Nikamwambia Agosti inakuja. Akasema anajua, ameshaanza kukusanya sahihi, na safari hii anataka kuongeza choo cha soko.

Mwisho wa uzi. Niandikieni hapo chini kaunti yako na kama umewahi kuona mpango wake wa mwaka kwa macho. Wiki ijayo: "pesa za mashinani", nani hasa huzigawa.